Naomba ushauri: jeli yangu ya kupimia sukari inavurugwa na asidi

Wakuu, habari za leo. Natengeneza jeli laini yenye asidi ya boroniki inayoshika sukari, pamoja na rangi ya fluoreseini inayong'aa kijani ukiimulika kwa taa ya buluu. Glukosi ikiingia, jeli inavimba na mng'ao unapungua. Vizuri. Tatizo, pH (kipimo cha uasidi) ikishuka kutoka 7.4 hadi 6, yaani asidi ikizidi, mng'ao unafifia vilevile! Jana kipande kidogo kama punje ya mchele kimenififilia mkononi, na sukari sijaweka hata chembe.

Nafikiria kuongeza rodamini B, rangi nyingine inayong'aa, maana haiyumbishwi na asidi kiasi hicho, nisome uwiano wa rangi mbili. Au nitenganishe vipande, kimoja cha sukari, kingine cha pH? Aliyewahi kufanya anisaidie tafadhali, nimekwama kweli.