Dripu ya vitamini C ya "kuongeza kinga": inafanya nini hasa, na inaishia wapi?

Mchele_na_Chuya

Wakuu, naomba jibu la watu wanaoijua kazi hii, matangazo nimeshayasoma ya kutosha. Kuna dripu inayouzwa kwa jina la "kuimarisha kinga". Karatasi yake inasema: vitamini C gramu 10, B complex mililita 1, B12 mikrogramu 1,000, magnesiamu, zinki, vyote kwenye maji ya chumvi mililita 500, kisha glutathioni (kinga-oksidi ambayo mwili hujitengenezea) inasukumwa kwa sindano mwishoni. Mara moja kwa wiki, kwa wiki sita. Hoja yao ni kwamba vidonge vingi hupotelea tumboni, lakini kwa mshipa mwili unapata asilimia 100.

Nauliza: hiyo asilimia 100 ni kweli? Kama ni kweli, kinga inapanda? Na nani asiiguse kabisa? Mlengwa ni mtu mzima, anakula vizuri, hana ugonjwa unaojulikana, ila mafua humrudia rudia.

---

Daftari_la_Dozi

Asilimia 100 ni kweli. Kilichoingia mshipani kimeingia kwenye damu chote, hilo halina ubishi. Ila wewe unauliza habari za kinga, na kinga iko kwenye chembe nyeupe. Huko hesabu inageuka.

Utumbo hufyonza vitamini C kupitia milango maalumu, na milango hiyo ina kikomo. Miligramu 200 kwa mdomo hufyonzwa karibu zote. Ukimeza 1,250 kwa mkupuo, hufyonzwa chini ya nusu. Inayobaki hushuka ikivuta maji, ndiyo maana dozi kubwa za vidonge huharisha. Hiyo 1,250 ilipopimwa kwa njia zote mbili, damu ilifika kilele cha mikromoli 135 hivi kwa lita kwa mdomo, na 885 kwa mshipa. Muuzaji anakuonyesha namba hizo mbili halafu anafunga daftari.

Tulifungue tena. Neutrofili na limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe, zina pampu zao, huvuta vitamini C hadi ndani yake kuwe na makumi ya mara ya kile kilichoko kwenye damu. Watafiti wa NIH, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya nchini Marekani, waliwapima vijana saba wenye afya, matokeo yakatoka 1996: chembe hizo zilikuwa zimeshajaa kwa miligramu 100 kwa siku, kwa mdomo. Miligramu 100, kiasi ambacho matunda na mboga za kawaida hufikisha bila shida. Mtungi ukishajaa, unachomimina juu yake kinalowesha sakafu. Figo huchuja ziada, na gramu 10 za leo kufikia kesho nyingi yake iko chooni. Kwa hiyo hata ratiba ya "mara moja kwa wiki" haina mantiki kwa dawa isiyokaa mwilini wiki.

Kuhusu mafua: mapitio ya 2013 ya Cochrane, mtandao unaochambua majaribio ya tiba kwa pamoja, yalikusanya majaribio ya watu zaidi ya 11,000 waliotumia miligramu 200 au zaidi kila siku. Kwa watu wa kawaida idadi ya mafua haikupungua. Muda wa kuumwa ulipungua kwa asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Mafua ya siku saba yanapungua nusu siku hivi. Kundi moja ndilo lililofaidika waziwazi: wakimbiaji wa marathoni, watelezaji wa thelujini na askari kwenye mazoezi makali ya baridi, ambao mafua yalipungua kwa nusu. Na walioanza kutumia baada ya dalili kutokea hawakupata faida inayoeleweka. Vitamini hizo zilikuwa za kumeza, lakini kwa chembe zilizokwisha kujaa sioni mshipa utaongeza nini.

Dripu yenyewe imejaribiwa mahali pagumu kuliko mafua: wagonjwa wa sepsisi (maambukizi yanayofanya viungo vishindwe kazi) walio ICU, wodi ya mahututi. Jaribio la LOVIT, 2022, wagonjwa 872, miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito kila saa sita. Mtu wa kilo 70 ni gramu 14 kwa siku. Waliokufa au viungo vyao kuendelea kushindwa kazi hadi siku ya 28 walikuwa asilimia 44.5 kwenye vitamini C na 38.5 kwenye dripu isiyo nayo. Mtu mzima anayetembea si mgonjwa wa ICU, nakubali. Lakini ile kauli ya "hata isiposaidia haidhuru" haina pa kusimama.

---

Kanula22

Nyongeza ya upande wa kitandani. Ipo vitamini C ya sindano iliyosajiliwa Marekani, na kazi iliyosajiliwa ni moja: kiseyeye. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 200 mara moja kwa siku, isizidi siku saba, kwa kasi ya miligramu 33 kwa dakika. Soma tena: 200. Huyo mtu ana ugonjwa halisi wa kukosa vitamini C na anapewa 200. Hiyo karatasi yako ina 10,000 kwa mtu asiyepungukiwa. Tena kwa kasi hiyo ya lebo gramu 10 zingechukua saa tano, kama matone 33 kwa dakika kwenye mrija wa matone 20 kwa mililita. Ukiona mfuko wa 500 umekwisha kwa dakika 45, ujue matone yalikuwa zaidi ya 200 kwa dakika. Hapo hakuna anayehesabu, mfuko unamwagika tu.

Kabla ya kuchoma mtu kuna mambo manne ambayo hayarukwi.

G6PD kwanza, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Mwenye upungufu wa kimeng'enya hiki akipewa vitamini C nyingi kwa mshipa, chembe nyekundu hupasuka: mkojo unakuwa wa rangi ya kola, macho yanakuwa ya manjano, damu inashuka. Upungufu huu ni wa kurithi na uko zaidi kwa watu wenye asili ya maeneo ya malaria. Wengi wanao na hawajui, kwa sababu bila kichochezi hauna dalili.

Pili figo, yaani kipimo cha damu cha kreatinini kinachoonyesha kazi yake. Sehemu ya vitamini C hugeuka kuwa oksaleti, nayo huganda kama vioo vidogo ndani ya mirija ya figo. Mwenye figo dhaifu au historia ya mawe ya figo, jibu ni hapana.

Tatu moyo na shinikizo la damu. Watu hulisahau hili kwa kuwa ni "vitamini". Vitamini C ya sindano imetulizwa kwa sodiamu, kila gramu inabeba miligramu 130 hivi. Gramu 10 ni 1,300, na mfuko wa maji ya chumvi wa 500 una nyingine 1,770. Jumla gramu tatu za sodiamu ndani ya saa moja au mbili, kwa mtu ambaye pengine kaambiwa apunguze chumvi mezani.

Nne, wenye madini ya chuma kupita kiasi mwilini. Vitamini C huongeza ufyonzwaji wa chuma na kuichochea iliyokwisha kurundikana.

Halafu kisukari. Vipima sukari vingi vya kidole vinaidhania vitamini C kuwa glukosi. Baada ya dripu kinaweza kusoma juu sana wakati sukari halisi iko kawaida au iko chini. Mtu akichoma insulini kwa kufuata namba hiyo, anaanguka. Baada ya dripu sukari ipimwe maabara kwa njia isiyoathiriwa na vitamini C, na vipimo vya maabara vinavyoweza kuvurugwa na vitamini C vingoje saa 24.

Ya mshipa wenyewe mnayajua: kuvuja nje ya mshipa mkono ukavimba, mshipa kuwa kama kamba ngumu, usaha penye kanula (kimrija kinachobaki mshipani). Magnesiamu ikienda haraka mtu anahisi joto kifuani na usoni, shinikizo linashuka. Wengine hulisifu joto hilo kuwa "dawa inafanya kazi".

---

Mizani_ya_Dawa

Wote mmeongelea dawa, mimi naongelea mfuko, kwa sababu mengi huharibikia mezani kabla sindano haijamgusa mtu.

Uzito wa myeyusho, yaani wingi wa chembe zilizoyeyuka ndani yake, hupimwa kwa milliosmoli. Damu iko karibu na milliosmoli 290 kwa lita. Gramu 10 kwenye 500 za maji ya chumvi inafika kama 515, mshipa wa mkono unavumilia. Sasa akija wa "dozi kubwa" akaweka gramu 25 kwenye 250 za maji hayohayo ya chumvi, inapita 1,200, wakati mshipa mdogo wa mkono haufai kupita 900. Hapo ndipo mkono unawaka moto na mshipa kuziba. Mwingine akisikia hivyo anakimbilia maji safi ya sindano. Kwa gramu 25 inaeleweka, inakuja kama 950 na bado iko juu kidogo. Lakini akizoea njia hiyo akaweka gramu 2 tu kwenye 500 za maji matupu, anapata kama 45. Myeyusho huo unapasua chembe nyekundu hata za mtu mwenye G6PD kamili. Kosa ni lilelile, kutofanya hesabu.

Mchanganyiko. Kalsiamu na magnesiamu salfeti kwenye mfuko mmoja zinaweza kuganda zikawa chembechembe. Ndiyo maana fomula ya zamani ya dripu ya vitamini iitwayo Myers hutumia magnesiamu kloridi. Kalsiamu na baikabonati, kalsiamu na fosfeti, vivyo hivyo. Na B complex hupaka mfuko rangi ya njano, kwa hiyo ukungu mwepesi hauonekani kirahisi. Mfuko uinuliwe kwenye mwanga kabla ya B complex kuingia, halafu uinuliwe tena baadaye.

Usafi ndio unaonitisha zaidi. Mfuko uliochomwa mara tano kuongeza ampuli tano ni milango mitano. Kichupa kisicho na kihifadhi kikishachomwa ni cha mtu mmoja, kilichobaki kinatupwa. Palipo na "menyu" ya dripu kumi, masalio huwekwa kwenye friji kwa ajili ya mteja anayefuata, na bakteria hawajali kwamba ni vitamini. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari 2021 juu ya dripu za vitamini zinazochanganywa katika mazingira machafu, pakiwemo mgonjwa aliyelazwa akishukiwa mshtuko wa sepsisi baada ya kuwekewa vitamini nyumbani.

Glutathioni: mwaka 2019 FDA hiyohiyo ilionya kuhusu unga wa glutathioni wa daraja la virutubisho uliotumika kutengenezea sindano. Ulikuwa na endotoksini (sumu ya bakteria), waliochomwa wakapata kutetemeka kwa baridi, kutapika na kushuka kwa shinikizo. Anayeuza aonyeshe cheti cha toleo hilo la dawa (batch) chenye kipimo cha endotoksini. Maneno ya "ni ya kutoka nje" si cheti.

---

Mchele_na_Chuya

Nashukuru wakuu. Nimebaki na moja: mbona wengi wanatoka pale wakisema wamepata nguvu?

---

Daftari_la_Dozi

Nusu lita ya maji kwa mtu aliyekuja na kiu au uchovu wa usiku, saa nzima ya kulala bila simu, joto la magnesiamu, na matarajio. Hisia ni ya kweli, chanzo ndicho kinachosingiziwa. Mwaka 2009 dripu ya Myers ilijaribiwa kwa watu 34 wenye fibromialjia (maumivu sugu ya mwili mzima na uchovu), kila wiki kwa wiki nane, nusu wakipewa dripu isiyo na vitamini bila kujua. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya kutegemewa.

Pia tusiitukane njia ya mshipa. Aliyekatwa utumbo mrefu, anayelishwa kwa mshipa, anayetapika wiki nzima, mlevi anayechanganyikiwa na macho kuchezacheza ambaye anahitaji B1 kwa wingi kabla ya glukosi, hao dripu ni yao kabisa. Asiyefyonza B12 naye anatosheka na sindano ya msuli, hahitaji mfuko. Kipimo ni kimoja: je, kuna kinachoizuia njia ya mdomo? Mlengwa wako anakula vizuri.

Huyo mwenye mafua ya kurudia, uliza ni mara ngapi. Mara mbili hadi tatu kwa mwaka kwa mtu mzima ni kawaida, akiishi na watoto wadogo hupanda. Ikizidi hapo, au ikiwa ni nimonia, usaha au vidonda visivyopona, apimwe picha kamili ya damu, sukari na VVU, na mzio wa pua uchunguzwe, kwani mzio hujifanya mafua mwaka mzima.

---

Mchele_na_Chuya

Mafua ni kama mara sita kwa mwaka, pua inawasha asubuhi, chafya mfululizo, homa hakuna. Na kumbe G6PD hakuwahi kupima, ila aliwahi kupata mkojo mweusi baada ya dawa fulani, mwezi uliopita.

---

Kanula22

Hilo la mkojo lilitakiwa kuja mstari wa kwanza, ndugu. Dripu asiwekewe. Na G6PD asiipime leo akaridhika: baada ya chembe kupasuka, zilizozeeka ndizo zimeondoka, zilizobaki ni changa na zina kimeng'enya kingi, kipimo kinaweza kutoka kizuri kwa uongo. Picha ya damu na kreatinini apime sasa, G6PD arudie miezi mitatu tangu tukio lile, na aandike jina la hiyo dawa kwenye karatasi atakayokwenda nayo kwa daktari. Chafya za asubuhi zenye kuwasha bila homa, hapo aanze na daktari wa mzio.