Jiwe la Songwe na jiwe la Loleza yote yana mistari, mwanafunzi atayatofautishaje?

Ticha wa Jografia, Mbeya
Wakuu habari za jioni. Mi nafundisha jografia sekondari hapa Mbeya, tumefika mada ya miamba na sitaki tena kuwachorea vijana ubaoni wakati mawe yenyewe yametuzunguka, nikaamua niyalete darasani. Moja limetoka bonde la Songwe, jekundu, ukilisugua linaacha mchanga mkononi. Lingine nimelipata chini ya mlima Loleza, gumu balaa, mistari myeupe na myeusi, ukiligeuza juani linametameta. Sasa kitabu kinasema mwamba tabaka, yaani ule wa mchanga au tope lililolala na kugandana, unajulikana kwa matabaka yake, vijana wameangalia wakaniambia basi yote mawili ni mwamba tabaka maana yote yana mistari! Najua la Loleza ni mwamba geu, yaani uliogeuzwa na joto na mgandamizo, ila nataka kijana ajionee kwa macho na mikono yake, asikubali tu kwa sababu mwalimu kasema. Naombeni msaada.

Fundi Mawe Iyunga
Heshima yako mwalimu. Mi darasani sikufika mbali ila kazi yangu ni kupasua mawe. Jiwe la mlimani ukilipiga linalia ngii na nyundo inakurudi mkononi, hilo jekundu linasema bu, linameguka pembeni. Halafu wape vijana maji, wadondoshee matone kwenye kila jiwe, la mchanga litayanywa hapohapo na lile lingine yatateleza au yatakaa juu. Kwenye msingi sehemu yenye unyevu mi silitumii hilo laini hata mwenye nyumba akinibembeleza.

Mjiolojia wa Nyanda
Fundi kasema vizuri sana, mi naongezea kwanini inakuwa hivyo. Jiwe jekundu la Songwe ni punje za mchanga zilizoletwa na mito, zikalala, zikafunikwa na nyingine, baadae madini ndani ya maji yakazigandisha pamoja, na wekundu ni kutu ya chuma. Kati ya punje na punje kuna vitundu, ndo maana linanywa maji, na ukilivunja ufa unapita baina ya punje na punje kwa hiyo sehemu iliyovunjika ukiishika inakwaruza. Mistari yake ni mafuriko ya zamani, huu mchanga mkubwa kidogo, unaofuata laini.

La Loleza hilo kwa maelezo yako ni naisi. Lilikuwa jiwe jingine kabla, inaweza kuwa tope lililogeuka jiwe, inaweza kuwa granaiti, likazama kilomita nyingi chini likapata joto la nyuzi 600 na kuendelea pamoja na mgandamizo, na hapo elewa halikuyeyuka, liligeuka likiwa gumu vilevile. Madini yakakua upya yakashikana bila nafasi na yakajipanga kufuata mgandamizo, chukua chapati uliyotia kitunguu ukiisukuma vile vipande vyote vinalala upande mmoja. Myeupe ni madini ya kwazi na felspa, myeusi mara nyingi ni ulanga mweusi, ndo unaometa. Kwa hiyo mistari ya naisi haisemi kipi kilitangulia na kipi kilifuata, ya jiwe la mchanga inasema.

Waambie vijana watafute mstari uliojikunja kunja ndani ya jiwe dogo tu. Jiwe la mchanga nalo tabaka zake zinaweza kulala mshazari, hilo lisiwachanganye, ila mkunjo ndani ya jiwe la kushika mkononi pamoja na madini yaliyoshikana bila punje kutoka, hapo ni geu. Na masalia ya viumbe yako kwenye tabaka, dinosaria Shingopana songwensis aliyetangazwa 2017 alitoka kwenye mchanga mwekundu wa hukohuko Songwe. Kwenye naisi huwezi kupata mfupa, joto limeshamaliza kila kitu.

Binti Kihesa
Mi niko Iringa, vipi zile nguzo za Isimila? Na mawe makubwa ya Gangilonga ni geu?

Mjiolojia wa Nyanda
Dada, Isimila ni mashapo, yaani mchanga na tope lililotuama, tena hayajakaza vizuri ndo maana mvua imeyachonga nguzo. Gangilonga ni granaiti, hiyo ni miamba moto, iliyotokana na uji wa moto ulioganda, kundi la tatu kabisa.

Ticha wa Jografia, Mbeya
Asanteni mno, maji na nyundo kesho asubuhi. Na marumaru ya Songwe je? Marumaru si mwamba geu?

Mjiolojia wa Nyanda
Marumaru halisi ni geu, ni chokaa iliyopikwa chini ya ardhi. Ila hiyo ya Songwe ni tabaka, imetoka kwenye zile chemchemi za maji moto, maji yanapanda yamebeba chokaa, yakifika juu hewa ukaa inatoka na chokaa inaganda. Jina la sokoni lisikuvuruge. Siki haitakusaidia hapo maana yote mawili ukiyasaga yatatoa povu, chukua lenzi uangalie, marumaru halisi utaona chembe zinazong'aa zimebanana kila upande, ya chemchemi ina vitundu na utepe utepe.

Fundi Mawe Iyunga
Mwalimu, kesho usiwaache vijana wapige nyundo bila miwani. Hilo la mlimani kipande chake kikiruka kinakata.