Mrejesho: kipanya kuwa kikali nikihama gemu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini namba ileile ya wepesi wa kipanya (sensitivity) niliyoizoea kwenye gemu ya bunduki ya Counter-Strike 2, 1.27, inanizungusha kama pia ya watoto nikiiweka kwenye gemu nyingine, Valorant. Aliyesema nigawanye kwa 3.18, Mungu akubariki: nimeweka 0.4, DPI (wepesi wa kipanya chenyewe, nje ya gemu) 800 kote.

Sikuamini hesabu tupu. Nikaazima futi ya mama, fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, nikaitandaza mezani. Kumgeuza mchezaji mzunguko mmoja kamili, kipanya kinasogea kama sentimita 41, gemu zote mbili. (Mama kauliza napima suruali ya nani.)

Siku ya tatu mambo yakaharibika tena. Kumbe kidole kiligusa kitufe cha DPI nyuma ya gurudumu, ikapanda 1600! Nikilenga kwa darubini ya bunduki ya snaipa bado nahangaika.