Skuna na soksi za nailoni kwenye joto hili la Dar, wadada wa mapokezi tumechoka!

Wakuu, nimetoka kazini sasa hivi. Miguu imo kwenye beseni la maji ya chumvi, na nina hasira hadi mikono inatetemeka.

Nipo mapokezi kwenye hoteli moja hapa Dar. Zamu ni ya masaa tisa, karibu yote umesimama. Sisi wadada sharti tuvae skuna na soksi ndefu za nailoni za "rangi ya ngozi". Ngozi ya nani? Zinazoletwa ni za rangi ya Mzungu, nikizivaa miguu inakuwa kama imepakwa unga. Kaka zetu tunaosimama nao kaunta hiyo hiyo wana viatu vya chini, na hakuna aliyewahi kuambiwa hana heshima kwa mgeni.

Leo soksi imenasa kwenye droo, ikachanika mstari toka gotini mpaka kwenye kifundo. Nikapaka rangi ya kucha ili usiendelee, ndivyo tunavyofanya siku zote. Msimamizi akaona. Mbele ya wageni akaniambia nikanunue nyingine kwa hela yangu. Nikaondoka nachechemea, maana kidole cha mwisho kina lengelenge limepasuka tangu juzi. Akaongezea, "Dada, hivi ni viwango vya kimataifa."

Kimataifa wapi? London, Desemba 2015, dada anaitwa Nicola Thorp alirudishwa nyumbani siku yake ya kwanza mapokezi kwa sababu alikwenda na viatu vya chini. Alianzisha ombi, watu zaidi ya 150,000 wakalitia saini, na Machi 2017 Bunge la Uingereza likalijadili. Sheria haikubadilishwa, serikali ilisema zilizopo zinatosha. Lakini mwaka huo huo jimbo la British Columbia kule Kanada lilipiga marufuku waajiri kulazimisha visigino, na Ufilipino nao wakatoa agizo lao. Japani, dada anaitwa Yumi Ishikawa alianzisha kampeni ya #KuToo kupinga visigino vya lazima kazini mwaka 2019: kwao kutsu ni kiatu, kutsuu ni maumivu. Waziri akatetea visigino, ila mwaka uliofuata Japan Airlines ikawaruhusu wahudumu wake wa kike kuvaa viatu vya chini. Hao ndio kimataifa yenyewe, na wakifika kaunta kwangu wamevaa raba!

Marehemu bibi yangu wa Tanga alivaa makubadhi na kanga yake maisha yote, akaingia kwenye harusi za watu wakubwa, na sijasikia aliyesema hana adabu. Nani alituambia heshima ya mwanamke wa pwani inakaa kwenye nailoni, tena Februari, jasho linatiririka mpaka ndani ya kiatu?

Wanasheria mliomo humu, naomba msaada: mwajiri ana haki ya kunilazimisha kitu kinachoniumiza, halafu nikinunue mwenyewe?

Jumatatu naingia na simpo zangu nyeusi, nimeshazipiga kiwi. Miguu mitupu, nimeipaka mafuta. Wakinirudisha nyumbani nitakuja kuwaambia hapa hapa.