Mahindi yamekauka kweli au macho yananidanganya?

Wakuu habari, nimeanika mahindi kwenye turubai siku ya nne leo, kwa macho yamepauka kabisa, ila mwaka jana niliamini macho hivihivi yakaota ukungu kwenye gunia, nyie mnajuaje?

— Macho yanaona maji ya juu tu. Kanga mbichi inakoza rangi kwa sababu maji yamejaza vitundu vya kitambaa, mwanga unazama badala ya kurudi machoni. Maji ya ndani ya punje huyaoni ng'o.

— Weka mahindi kwenye chupa kavu ya kioo na chumvi kavu, tikisa, subiri dakika 15, chumvi ikiganda kwenye kioo unyevu umezidi 15%, rudisha juani

— Mkuu imeganda, nyeupe pee! Naanika tena, asante sana