Hivi Shakespeare ana nini hasa mpaka leo hachuji?

Mwana_Isevya
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu anasoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), karudi likizo na Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, nikaishika nikijua usingizi utanipitia ukurasa wa pili, asee nimeimaliza. Sasa huyu jamaa kazaliwa 1564 kafa 1616, stori yenyewe ya Warumi huko, mapanga na watabiri, ila bado inasomwa na kuigizwa dunia nzima. Ni kwa vile Mwingereza alitutawala au kuna kitu kweli? Naomba kueleweshwa, matusi hapana.

dagaa_wa_Kibirizi
Ukoloni tu mkuu, wala usiumize kichwa. Mjerumani alifikisha reli hapa Kigoma 1914, angebaki saivi tungekua tunakaririshwa watunzi wake hahaha

Mwl_Mstaafu_TBR
Kijana wa Kibirizi, hao Wajerumani wenyewe wanampenda Shakespeare kupita maelezo, wamemtafsiri tangu karne ya 18 na hakuna Mwingereza aliyewatawala. Shuleni kwetu kweli aliletwa na mkoloni, sikatai. Lakini Mwalimu nani alimlazimisha? Alitoa tafsiri ya Kaizari 1963, nchi changa na yeye ndo rais, halafu 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Na ni mtu aliyesoma hapa hapa Tabora Boys, baadae akafundisha St. Mary's.

Mimi nilipokua nafundisha nilikua nawaigizisha ile hotuba ya msibani. Brutus anaanza, anasema nimemuua Kaizari kwa kuipenda Roma, watu wanashangilia wanataka wamjengee sanamu. Anapanda Antony, rafiki wa marehemu, hamtukani Brutus hata kidogo, anasema tu Brutus ni mtu wa heshima, anarudia, anarudia tena, mpaka ile heshima inageuka kuwa tusi. Anawagusia wosia wa marehemu halafu anakataa kuusoma, wanambembeleza, anawafunulia majeraha kwanza, watu wanapandwa hasira wanaondoka kwenda kuchoma nyumba, ndo anawaita, jamani mmesahau wosia! Kumbe kila raia kaachiwa drakma 75. Ukishaiona hiyo, mkutano wa kampeni huuangalii tena kwa macho yaleyale.

Binti_Ujiji
Shikamoo mwalimu. Mi pananiumaga pale kundi linapokutana na Cinna, anajitetea mimi ni Cinna mshairi sio yule Cinna mwingine aliyemuua Kaizari, wanasema basi muueni kwa mashairi yake mabaya. Unacheka halafu unashtuka umecheka nini. Sokoni mtu akiitiwa mwizi si ndo hivyohivyo tu.

Kingine jamaa anampa hata mtu mbaya nafasi ya kuongea mpaka amalize. Shylock, yule Myahudi mkopeshaji wa Mabepari wa Venisi, anataka ratili ya nyama ya mwenzie, unamchukia, ghafla anauliza kwani Myahudi hana macho, mkituchoma hatutoki damu? Mwishoni wanamlazimisha awe Mkristo eti ndo wamemhurumia, mi naona uonevu mtupu na simsamehei mtunzi hapo.

dagaa_wa_Kibirizi
Sawa ila nasikia hizo stori hata hakutunga, kaiba za watu

Mwl_Mstaafu_TBR
Kaizari kaitoa kwa Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North ya 1579, na tamthilia yake ya Macbeth kwenye historia za Mwingereza Holinshed. Kuazima ilikua kawaida wakati ule, kazi ilikua uisimulieje. Na yeye alikua mwigizaji tena mwenye hisa kwenye kundi lake, hakuandikia darasa. Ukumbi wao wa Globe pale London ulijengwa 1599, peni moja unasimama chini uwanjani, mvua ikinyesha ni yako, na juu wamekaa matajiri. Mchezo ukiboa wote unawapoteza, ndo maana utakuta mlinzi wa geti mlevi katikati ya mauaji ya Macbeth.

Na tungeweza kuzikosa kabisa. Wenzake wawili walikusanya tamthilia 36 wakazichapa 1623, yeye keshafariki miaka saba nyuma, na nusu yake hazikuwahi kuchapwa kabla. Kaizari imo humo.

Binti_Ujiji
Duh, Mwalimu angetafsiri nini sasa 😂 Mleta mada ukitoka hapo tafuta Makbeth ya Samuel Mushi ya 1968, ila isome mchana.

Mwana_Isevya
Shukrani sana mwalimu na dada. Mwenye Mabepari wa Venisi hapa Tabora mjini aje inbox, naazima na kurudisha, dogo anaondoka na hii Jumatatu.

dagaa_wa_Kibirizi
ukimaliza nitumie na mimi kwa treni 🙈