Vyeti vya TEHAMA kwa anayeanza bila shahada: nianze na kipi?

Mwanzo_Mpya

Wakuu, habari za wakati huu. Nina umri wa miaka 27 na kwa miaka minne nimekuwa karani wa ghala, lakini tangu mwezi wa kwanza kazini mimi ndiye ninayeitwa printa ikigoma, kompyuta ikikataa kuwaka au mtandao ukikatika katikati ya hesabu. Sina shahada ya kompyuta wala sina nafasi ya kurudi chuoni kwa miaka mitatu, ila ninazo saa mbili kila jioni na nia ya kweli ya kuifanya kazi hii iwe ndiyo riziki yangu. Nimesoma kwamba wapo walioingia katika teknolojia ya habari kwa njia ya vyeti vya kitaaluma, na hapo ndipo nilipopotea: mmoja ananiambia nianze na A+, cheti cha msingi cha kompyuta kutoka shirika la CompTIA, mwingine anasema huko ni kupoteza muda na niende moja kwa moja kwenye CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, na wa tatu ananishauri niviache vyote hivyo niingie katika usalama wa mitandao kwa sababu ndiko wanakohitajika watu.

Naombeni msaada katika mambo mawili. Kwanza, kwa mtu wa hali yangu, cheti cha kwanza kiwe kipi na kwa sababu gani? Pili, mwajiri akikiona cheti hicho kwa mtu asiye na shahada wala barua ya kazi ya awali katika fani hii, anakipa uzito wowote?

Fundi_Rauta

Ndugu, karibu sana. Nimekuwa katika mitandao kwa miaka kumi na tano, na miaka ya karibuni nimekuwa miongoni mwa wanaowasaili waombaji wa kazi, kwa hiyo nitaanza na swali lako la pili, maana jibu lake ndilo linaloamua la kwanza.

Cheti kinalitoa jina lako katika rundo la maombi na kukufikisha kwenye usaili. Kuanzia hapo ni wewe na mikono yako. Katika usaili mmoja tuliwawekea waombaji kompyuta iliyoshindwa kufika kwenye mtandao, na anwani yake ilianza na 169.254. Wa kwanza alikuwa na vyeti viwili. Aliyataja matabaka saba ya OSI, modeli inayoeleza hatua za mawasiliano ya mtandao, kwa mpangilio bila kukosea hata moja, kisha akanyamaza. Wa pili, mwenye cheti kimoja, aliisoma anwani ile, akasema kwamba kompyuta imejipa anwani yenyewe kwa kuwa haikupata jibu kutoka kwa seva ya DHCP inayogawa anwani, halafu akainama kutazama kama taa ya kebo inawaka. Huyo ndiye tuliyemchukua. Sidhani kwamba alikuwa amesoma kuliko mwenzake, ila ilionekana wazi kwamba tatizo hilo alikwisha kukutana nalo.

Kwa hiyo chagua kwanza kazi unayoitaka, kisha cheti. A+ ina mitihani miwili, kila mmoja wa dakika 90 na maswali yasiyozidi 90, nayo inagusa vifaa, mifumo endeshi, printa, programu hasidi na namna ya kumhudumia mtumiaji. Ni cheti cha mtu anayetaka kuanzia katika kitengo cha kuwasaidia watumiaji. CCNA ina mtihani mmoja wa dakika 120. Tangu Februari 2020, Cisco ilipoyaweka matawi kadhaa ya zamani chini ya mtihani mmoja wa 200-301, mambo yaliyomo yamekuwa mapana: kugawa anwani za IP, VLAN (kuigawa swichi moja iwe kama mitandao kadhaa), itifaki ya OSPF ambayo rauta huitumia kutafuta njia, kanuni za kuruhusu na kuzuia mawasiliano, hata utangulizi wa kuendesha mitandao kwa programu. Hauna sharti la cheti cha awali, hivyo hakuna atakayekuzuia kuanza nao, lakini asiyewahi kuifungua kompyuta wala kuigusa swichi ya mtandao ataona kila ukurasa ni mlima.

Kwako wewe uliyekwisha kuzizoea printa na kompyuta zinazogoma, ushauri wangu ni kwamba upakue orodha ya mada za A+ kutoka CompTIA, uisome mstari kwa mstari, na uweke alama kila mahali usipoelewa. Alama zikiwa chache, jazia hayo machache, acha kuulipia mtihani huo, na uingie CCNA. Tumia Packet Tracer, programu ya Cisco isiyolipiwa ambayo inakuwezesha kuunganisha rauta na swichi za kuigiza ndani ya kompyuta yako. Na kugawa anwani ukufanyie mazoezi kwa mkono kila siku, mpaka ukiona alama ya ukubwa wa mtandao kama /26 ujue papo hapo kwamba kuna anwani 64 na kwamba 62 kati yake ndizo zinazoweza kupewa vifaa. Vijana niliowaona wakianguka mtihani huu walikuwa wakiiweza hesabu hiyo vizuri kabisa, ila iliwachukua dakika nne kila swali, na saa haikuwangoja.

Bi_Seva

Ninamheshimu Fundi_Rauta, lakini hapo kwenye kuiruka A+ sikubaliani naye. Yeye anayatazama maarifa, nami ninamtazama mtu wa utumishi anayepitia maombi, ambaye mara nyingi si fundi na anatafuta jina la cheti alichoandikiwa kwenye tangazo. Mwenye shahada anaweza kuiruka. Wewe mdogo wangu huna kitu kingine cha kumwonyesha mtu huyo, na kazi ya kuwasaidia watumiaji ndiyo mlango ulio karibu nawe zaidi. Mimi mwenyewe niliingia kwa A+, nikakaa huko mwaka mmoja na nusu, na hadi leo ninapozishughulikia seva bado ninaanza na swali nililojifunza kule: ni nini kilichobadilika tangu ilipofanya kazi mara ya mwisho?

Lakini juu ya mikono tunakubaliana kabisa. Wiki yangu ya kwanza nilitengeneza kebo ya mtandao, nikazipanga nyaya jinsi macho yalivyopenda, kila rangi na jozi yake: chungwa na jozi yake, kijani na jozi yake, kisha buluu, kisha kahawia. Nilipanga hivyo hivyo kwa ncha zote mbili, kipimo kidogo cha kebo kikawasha taa zote nane, nami nikaikabidhi. Kesho yake mtumiaji alilalamika kwamba mafaili yanakwenda kwa kusuasua. Katika T568B, mpangilio sanifu wa nyaya za kebo ya mtandao, waya wa kijani-nyeupe unakaa nafasi ya tatu na wa kijani unakaa ya sita, na zile za buluu zinakaa katikati yao, kwa sababu nafasi ya tatu na ya sita hubeba mawimbi ya jozi moja, na ni lazima jozi hiyo iwe ya nyaya zilizosokotwa pamoja ili zisiingiliane na jirani zake. Kipimo changu kilijua tu kwamba umeme unapita. Nilikuwa nimeusoma mpangilio huo kitabuni na nikaujibu sawasawa kwenye mtihani, lakini maana yake niliielewa siku ile nilipoikata kebo yangu na kuanza upya.

Kama kompyuta yako ina kumbukumbu ya kutosha, weka VirtualBox, programu isiyo na malipo inayoendesha kompyuta za kuigiza ndani ya yako, na ndani yake uwashe mashine mbili za mfumo endeshi wa Linux. Moja iwe inagawa anwani, nyingine izipokee. Kisha iharibu kwa makusudi: zima huduma ya DHCP, badilisha anwani ya DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP), jaza diski mpaka ikose nafasi, na kila mara uandike daftarini ulichokiona, ulichokidhania, na kilichokuwa kweli. Ukijikuta unaipenda Linux, kipo cheti chake cha LPIC-1 chenye mitihani miwili ya maswali 60 kila mmoja, na cheti chake hudumu miaka mitano.

Mwanzo_Mpya

Ninawashukuru sana, na hasa wewe dada kwa habari ya kebo. Yamebaki mawili. Hamjagusa suala la kuingia moja kwa moja katika usalama wa mitandao. Vilevile kuna mtu ameniletea faili analosema lina maswali yenyewe ya mtihani wa A+ pamoja na majibu yake, na anadai kwamba ndiyo njia inayotumiwa na wote. Nifanye nini?

Mlinzi_wa_Lango

Ndugu yangu, nitaanza na hilo faili, maana ndilo lenye haraka. Lifute. Kabla ya kuanza mtihani utakubali masharti yanayokataza kutumia maswali yaliyovuja, na ikibainika umeyatumia, matokeo yanaweza kufutwa, cheti kikachukuliwa, na ukazuiwa kufanya mitihani mingine. Isitoshe, kwenye mitihani ya CompTIA kuna maswali ya vitendo ambayo yanakuweka mbele ya mfumo wa kuigiza na kukutaka utengeneze jambo, na hapo herufi ulizokariri hazina kazi. Mazoezi yaliyotungwa na walimu ni halali na yana faida. Tofauti ni kwamba mwalimu hakuahidi kuwa maswali yake ndiyo yatakayokuja.

Kuhusu usalama, Security+, cheti cha usalama cha CompTIA, haina sharti la lazima, ingawa CompTIA yenyewe inapendekeza uwe na Network+, cheti chake cha mitandao, na uzoefu wa miaka miwili hivi kazini. Alama ya kufaulu ni 750 katika mizani ya 100 hadi 900. Shirika la ISC2, linalotoa vyeti vya usalama, nalo lina cheti cha wanaoanza kiitwacho Certified in Cybersecurity, ambacho hakidai uzoefu. Usikichanganye na CISSP, cheti cha juu cha shirika hilo hilo, ambayo inadai uzoefu wa miaka mitano katika angalau maeneo mawili kati ya manane ya mtaala wake. Nimewaona waombaji wachanga wakiilipia bila kulijua hilo, na niliwahurumia. Mimi ninafanya kazi ya kufuatilia mashambulizi, na ninachokitumia mchana kutwa ni mitandao na mifumo endeshi. Nikiona mawasiliano yanatoka kupitia bandari ya 53, yaani namba ya mlango unaotumiwa na DNS, kwa wingi usio wa kawaida, nitashtuka kwa sababu ninajua DNS ya kila siku inafananaje. Asiyeijua hali ya kawaida hataitambua isiyo ya kawaida, kwa hiyo Security+ iwe cheti chako cha pili au cha tatu.

Jambo moja ambalo wenzangu hawakuligusa ni muda. A+, Network+, Security+ na CCNA hudumu miaka mitatu. Kwa upande wa CompTIA, ukipata cheti cha juu, kile cha chini huhuishwa pamoja nacho. Aliye na A+ akifaulu Security+ kabla ya miaka mitatu kwisha, A+ yake haifi. Vyeti vya msingi vya Microsoft, kama AZ-900 ya huduma za wingu, havina mwisho wa muda. Ukilijua hilo mapema hutalipia mara mbili kitu kimoja.

Fundi_Rauta

Nimemsoma Bi_Seva na ninakubali kwamba sikumfikiria mtu wa utumishi. Kwa asiye na karatasi nyingine yoyote, afanye A+ kwanza, na CCNA ifuate. Ninaongeza hili: kwenye wasifu wako usiandike tu kwamba ulikuwa karani wa ghala. Andika kwamba kwa miaka minne ulikuwa ukishughulikia printa, kompyuta na mtandao wa ofisi hiyo, na utaje matatizo matatu uliyoyatatua na jinsi ulivyoyatatua. Hilo ndilo nitakalokuuliza kabla sijakuuliza habari ya cheti.

Mwanzo_Mpya

Faili nimelifuta. Nimeipakua orodha ya mada za A+ na kuipitia mara moja; upande wa vifaa alama ni chache, upande wa usalama wa mifumo endeshi karibu kila mstari umepata alama, kwa hiyo nitaanzia huko. Daftari nimelifungua leo, na tatizo la kwanza nililoliandika ni printa ya ghalani ambayo kila Jumatatu asubuhi hupotea kwenye mtandao. Siku zote nimekuwa nikiizima na kuiwasha tu. Jumatatu hii nitaisoma anwani yake kabla ya kuizima.